Bi Khairunnisa na Kompyuta ya Usingizi

Ukitaka kuandikiwa barua Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ulikuwa unakwenda kwa Bi Khairunnisa, na ukienda ujue hutoki mapema. Mama huyu hakuwa na haraka hata chembe. Ulikaa kitini, ukaeleza shida yako tangu mwanzo, naye mikono kaiweka mapajani, anakutazama usoni. Hakugusa herufi hata moja mpaka umalize. Enzi za taipu watu walimcheka kwa hilo, na haohao waliomcheka ndio waliojaa kibarazani pake wakingoja zamu.

Kisha nchi ikafungua milango ya biashara, kila kitu ruksa, na baada ya muda kompyuta za mtumba zikawa zinashuka bandarini kama marobota ya nguo za soko la Mchikichini. Bi Khairunnisa naye akauza taipu, akanunua kompyuta na printa ya waya wa USB. Balaa likaanzia hapo. Mteja akizungumza kwa kirefu, kompyuta inaona haiguswi, inalala. Ukiiamsha inaamka vizuri, maandishi yapo, ila haiitambui tena printa. Taa ya printa inawaka, lakini ukiiamuru ichape, kimya, mpaka uzime mashine nzima na kuiwasha upya. Wateja wakaanza kuhamia ng'ambo ya barabara, kwa vijana waliokuwa wanachapa huku mtu bado anatafuta maneno.

Jeet, fundi mwenye duka la vifaa vya kompyuta jirani yake, alibadilisha waya, akajaribu tundu lingine, mwishowe akaipeleka printa dukani kwake na kuishughulisha kutwa nzima. Kwake ilichapa bila kinyongo.

"Shikamoo, Bi Khairunnisa. Printa yako nzima," alisema akiirudisha.

"Marahaba. Basi mbovu ni mimi?"

"Aah, mama! Kompyuta yako inalala kwa sababu huigusi. Mtu akiongea, wewe tikisatikisa mausi."

Alijaribu. Maskini, alijaribu kweli. Siku hiyo alikuja Mzee Mwinyimvua, kuli mstaafu wa bandarini, kumwandikia mkewe Zeina, aliyerudi kwao Magomeni kwa hasira na kukataa kuonana naye. Mzee alianza, akasita, akaanza tena. Bi Khairunnisa mkono uko kwenye mausi, macho yanachungulia kama kioo cha kompyuta kimezimika. Mzee akachukua kofia yake.

"Mwanangu, naona una kazi. Nitakuja siku nyingine."

Hakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata. Lilimuuma sana Bi Khairunnisa. Akamwendea Jeet amefura.

"Sitikisi tena! Mtu ananieleza ndoa yake inavunjika, mimi nabembeleza mashine? Njoo ukae alipokaa yeye, uone."

Jeet akaja, akakaa kwenye kiti cha wateja kuingojea kompyuta ilale. Bi Khairunnisa akaweka mikono mapajani, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akatulia kumsikiliza. Fundi akajikuta anamweleza habari za Hinal, binti aliyetaka kumposa, jambo ambalo hakuwa amemtajia hata mama yake mzazi. Kioo kilizimika zamani, yeye wala hana habari. Alipogutuka alicheka kwa haya, akapangusa macho, na tangu hapo hakusema tena habari za kutikisa mausi.

Safari hii hakugusa waya. Aliingia kwenye mipangilio ya umeme, akakuta alama ya vema iliyoiruhusu kompyuta kukata umeme wa matundu ya USB ili kubana matumizi. Ikilala inaukata; ikiamka inasahau kuurudisha. Akaiondoa alama ile. Wakailaza kompyuta, wakaiamsha, printa ikanguruma na kutoa karatasi.

Bi Khairunnisa akatuma salamu msikitini anakoswali Mzee Mwinyimvua. Mzee akaja, akakaa upande upande kama mtu anayeogopa kusumbua. Alikuwa katikati ya maneno kioo kilipogeuka cheusi. Akakatiza.

"Mwanangu, chombo chako kimelala."

"Kiache kilale, mzee wangu. Mimi niko macho. Endelea."

Akaendelea mpaka adhana ya alasiri. Barua iliyotoka kwenye printa ilikuwa fupi, mstari mmoja tu: "Zeina, mkosa ni mimi. Nisamehe, urudi nyumbani."