Mbuzi Jike Aliyesomwa Mpakani

Juma hili, kwenye kaunta ya uhamiaji pale Busia, mbele yangu alisimama nyanya mmoja kutoka Paya, upande wa Uganda, na mjukuu wake wa kike, miaka kama sita. Mtoto alikumbatia kitabu cha picha.

Afisa akamwinamia. "Huyu ni nani wako?"

Mtoto akakibana kitabu kifuani.

"Tangu tuzike mama yake, mtoto hii haijasema neno," nyanya akaeleza. "Mama yake nilimzaa mimi."

"Pole, mama. Lakini asiposema mwenyewe, siwezi kuwavusha. Watoto wanaibwa."

Mtoto akafungua kitabu. Kilihusu mbuzi jike mdogo aliyeogopa mto. Akasoma kwa sauti, macho yake yakiwa ukutani, huku kidole kikifunua ukurasa baada ya ukurasa: "Mimi ni mdogo, lakini najiamini. Nitavuka."

Sauti ilikuwa ya mtu mzima, yenye mikwaruzo, kama ya mwanamke aliyekohoa muda mrefu. Nyanya akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Hiyo ni binti yangu," akanong'ona. "Alikuwa anamsomea hivyo hivyo."

Afisa akauliza tena polepole, "Huyu ni nani wako?"

Kwa sauti ile ile mtoto akajibu, "Ni mama yangu."

"Ee, mwanangu," nyanya akaitika, machozi yakimtoka.

Kwenye fomu paliandikwa "nyanya". Afisa yule alishanirudisha mimi nyumbani kwa kosa la herufi moja. Safari hii aligonga muhuri bila kuinua macho, na kwenye foleni yote hakuna aliyethubutu kumsahihisha.