Mkata Ndizi Anayeomba Wimbo Wake Uachwe Umalizike

Saa moja asubuhi, na Nkirote tayari amekasirika.

Ameinamia mkungu wa ndizi kwenye banda la kukusanyia mazao, Mitunguu, Meru. Anakata chane moja baada ya nyingine na kuzitosa kwenye beseni la maji. Kila akikata, anagonga mpini wa kisu ukingoni mwa meza. Ta-ta, ta-ta, ta-ta-ta. Mapigo saba. Mwenzake wa meza ya pili anajaribu kumfuata, anapotea, anacheka.

"Unaona?" anasema Nkirote bila kuinua uso. "Hata huyu tunayeshinda naye hapa kila siku lazima aongeze la nane. Hakuna la nane! Haki, watu wa huku walilogwa na mapigo ya nne-nne?"

Nkirote, 31, ni kibarua wa shilingi mia saba kwa siku. Lakini vidole hivyo vyenye madoa ya utomvu ndivyo pia vinavyopiga kinanda katika Bomba Kavu, kundi la watu watatu wa roki aina ya progressive. Huo ni muziki ambao wimbo mmoja huweza kuchukua dakika kumi na nane, hubadilisha mwendo punde tu unapouzoea, na kiitikio hauna. Wenzake ni Kiogora, fundi wa magari wa Kinoru anayepiga ngoma, na Njue, mwalimu wa Gachoka mwenye gitaa.

Kinanda alijifunzia kanisani, ambako mama yake, Angeline, ni mwenyekiti wa akina mama. Wazee wa kanisa humwachia akifanyie mazoezi, mradi asianze "vitu vyake" waumini wakiwa ndani.

Wimbo wao mkubwa unaitwa Zamu ya Maji. Mitunguu hulimwa kwa maji ya bomba, na kila sehemu ina zamu yake. Zamu yako ikifika unafungua, unasimama shambani na kutega sikio. Kimya. Halafu bomba linakohoa na maji yanakuja kwa kishindo. Wimbo nao ni hivyo: katikati vyombo vyote vinanyamaza mapigo kumi na manne, kisha vinarudi kwa nguvu.

"Kisha wapi!" anasema Nkirote. "Hatukuwa tumewahi kufika kwa hiyo kisha. Tulikuwa tunakatizwa hapo hapo, kila mara."

Na ni kweli, jamani. Huku kwetu kimya cha jukwaani ni cha emsii, yaani mshereheshaji. Mtu akinyamaza tu, mwingine keshashika maikrofoni. Walikatizwa Embu mjini, wakakatizwa Kinoru, na mwaka jana wakakatizwa kwenye tamasha la roki Gachoka, mahali ambapo mtu angetarajia kuna wanaoelewa.

Aliyewakatiza mara zote tatu ni Ngari, emsii wa harusi na harambee ambaye hata roki haimpiti. "Bwana asifiwe! Si vijana wamejaribu? Pasheni makofi moto!" Makofi yanapigwa, kundi jingine linapanda, na nusu ya wimbo inabaki vidoleni. Ngari ameelezwa. Ameelezwa tena kwa upole, kisha kwa ukali. Kila mara anaitikia kwa kichwa. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Mimi nikisikia kimya naona aibu kwa niaba yao," anajitetea Ngari. "Kazi yangu ni kuziba aibu ya watu."

Tamasha la mwaka huu lilipokaribia, Kiogora alichoka. "Tukikatizwa tena, naenda bendi ya harusi," aliwaambia wenzake. "Huko angalau wimbo huwa unaisha." Nkirote alijua hana mzaha. Na mpiga ngoma mwingine wa mapigo saba kati ya Meru na Embu utamtoa wapi?

Nyumbani nako hakukuwa na afueni. Angeline hakuwa amewahi kwenda kumsikiliza bintiye akipiga roki. Swali lake lilikuwa lile lile: "Sasa sisi wa kuitikia tutaingilia wapi?" Siku mbili kabla ya tamasha, akichagua maharagwe ya mukimo, aliliuliza tena, na Nkirote akalipuka.

"Mama, hakuna kuingilia! Pale katikati ni kungoja maji. Umengoja maji maisha yako yote, si unajua?"

Angeline aliacha kuchagua. "Kungoja maji najua," alisema.

Jumamosi hiyo alifika Gachoka na kitambaa chake cha akina mama kichwani, akaketi mstari wa mbele kati ya vijana wa fulana nyeusi. Jua lilikuwa kali, vumbi tele, jenereta inanguruma nyuma ya jukwaa. Bomba Kavu wakaanza. Watu wakapiga makofi ya nne-nne, wakapotea, wakaacha. Wimbo ukapanda, ukapanda zaidi, ukanyamaza.

Ngari akainuka, maikrofoni mdomoni.

"Ngari, keti!" Angeline alikuwa amesimama. "Tuombe!"

Neno hilo huku hakuna anayethubutu kulikatiza. Ngari akavua kofia. Uwanja mzima ukafumba macho, hata wale wa nywele ndefu waliotoka Nairobi. Nkirote akapata furaha ya pumzi moja tu, maana mama yake akaanza kuomba kwa sauti.

Aliombea chanzo cha maji kule mlimani. Aliwaombea walio mwisho wa bomba, wanaofungua wakapata upepo. Alimwombea mfungua maji asipendelee jamaa zake. Alizikumbuka ndizi, akaikumbuka mikono ya Kiogora na koo la Ngari.

"Nilitaka kulia," anasema Nkirote. "Mimi nimeomba mapigo kumi na manne tu ya kimya, jamani! Yeye anakuja na maombi ya dakika nne. Vidole viko hewani, jasho linanitoka, na Mama ndiyo kwanza anafika kwa mifugo."

"Amina," Angeline akamaliza.

"Amina!" uwanja ukanguruma. Juu ya amina hiyo Kiogora akashusha vijiti vyote viwili, na maji yakaja.

Walipiga mpaka mwisho. Pakatulia. Ngari akachungulia kutoka chini ya jukwaa. "Sasa imeisha?"

"Imeisha," Nkirote akamjibu.

Kiogora hajaitaja tena bendi ya harusi. Wameshaalikwa tamasha la mwakani, ila watu wanauita wimbo huo "ule wa maombi", jambo linalomchemsha Nkirote upya.

"Mwakani nataka kimya," anasema, akigonga kisu mezani. "Kimya tu! Kila mtu anyamaze, na Mama awe wa kwanza."

Angeline, aliyeleta mikungu yake ipimwe, amesikia kila neno.

"Sawa, nitaomba kimoyomoyo," anasema.

"Kwa muda gani, Mama?"

"Mpaka maji yafike."