Mduara Wangu Ulivyopungua

Kabla hajaja, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu mwanamke pekee wa fizikia katika sekondari yetu ya Bariadi, na niliipenda hali hiyo. Wazazi waliokuja shuleni baada ya kuuza pamba walionyeshwa mimi kama wanavyoonyeshwa tangi jipya la maji. Nilizaliwa Nkololo, nyumbani kwa wafuga ng'ombe, nikaenda chuo kikuu, nikarudi na digrii na mdomo. Sikukubali kitu mpaka kijithibitishe mbele yangu, iwe sala ya mama, iwe dawa ya baba, iwe waraka wa wizara.

Muhula wa pili akaletwa yeye, naye wa fizikia. Alikuwa mwanamke wa Tanga, amenizidi miaka kama kumi, mpole, Kiswahili chake kimenyooka mpaka wasichana wakawa wanamwiga bwenini. Kiswahili ningekivumilia. Kilichonishinda ni sanduku lake.

Ndani yake mlikuwa na kipima mionzi. Ndugu yake alikuwa dereva wa wageni waliotafuta madini huko Geita, wakati kila kona ya Usukuma ilipojaa watafuta dhahabu, na wageni walipofungasha walimwachia kile kifaa kwa sababu kava lake lilikuwa limepasuka. Ukikiwasha kilitoa mlio mdogo, ta, ta-ta, ta, kama punje zinazoanza kupasuka kwenye chungu. Akikisogeza kwenye kile kifuko cha nyuzi kinachovishwa karabai, mlio uliongezeka mpaka ukawa mvua juu ya bati. Kwenye mbolea ya fosfeti uliongezeka kidogo. Kwenye jiwe walilookota wanafunzi mlimani nyuma ya jiko, kidogo pia. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili, ambao niliwafundisha sumaku kwa kuchora ubaoni, walianza kukaa nje ya madirisha yake.

Siku moja niliingia darasani kwake kwa kisingizio cha kuazima chaki. Nikasimama nyuma, kisha nikamuuliza mbele ya wote.

"Dada, hicho kitu kinalia hata kikielekezwa hewani. Tutajuaje hakijaharibika?"

Jibu nililijua. Nilitaka nimwone akibabaika.

"Swali zuri sana hilo, mdogo wangu," alisema, akawageukia wanafunzi. "Mmesikia? Ondoeni kila kitu mezani."

Wakaondoa mbolea, jiwe na kifuko cha karabai, wakavipeleka nje. Darasa zima likatega sikio. Ta. Ta-ta. Kimya. Ta. Akawaambia kwamba hiyo ndiyo dunia yenyewe inavyosema: udongo tunaoulima, kuta, anga, hata miili yao wenyewe, vyote vina atomu zinazovunjika na kutoa mionzi, tangu kabla hajazaliwa mtu wa kuzisikiliza. Kijana mmoja alikishika kile kipima akakiweka kifuani kwake, wenzake wakacheka. Mimi niliondoka bila chaki. Swali langu lilikuwa limegeuka kuwa kipindi chake kizuri kuliko vyote.

Mwaka ule shule ilikuwa inafungua kidato cha tano cha sayansi kwa mara ya kwanza. Fizikia ya darasa lile nilijihesabia kuwa ni yangu. Nilikuwa nimechoka kufundisha watoto kupima urefu wa meza. Nilitaka watu wa kubishana nao. Sasa tulikuwa wawili na darasa ni moja.

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa Kasoli, mkulima wa pamba aliyevaa suti. Alituita ofisini wote wawili. Alisema kwamba zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, na mkulima alichukua alichopewa. Siku hizi Kasoli wanunuzi binafsi wameweka mizani wakitazamana ng'ambo na ng'ambo ya barabara, mkulima anasimama, anaangalia, anachagua.

"Na ninyi mtachaguliwa," alisema. "Jumamosi, uwanjani. Kila mmoja aonyeshe somo hilihili la mionzi. Kama ngoma."

Mwenzangu hakuelewa, ikabidi nimweleze mimi. Kwetu, baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma hucheza uwanja mmoja kwa wakati uleule, kila kimoja na mduara wake wa watazamaji. Hakuna majaji wala alama. Watu huhama kwenda kunakowapendeza, na mwishoni mwenye mduara mkubwa ameshinda. Ndiyo maana wachezaji huleta fisi aliyefungwa kamba, nyoka, masanamu, chochote cha kuwavuta watu. Na huleta samba, dawa ya kuvuta watu, wanayoichimbia uwanjani alfajiri.

"Ni haki kabisa," alisema yule dada. Upole wake ulinikera.

Msichana wa kidato cha tatu, ambaye nyumba yao ni ya wacheza ngoma, alinifuata akaninong'oneza kwamba angeweza kuniletea samba kutoka kwa babu yake. Nilimuuliza hiyo samba ingewavuta watu kwa nguvu gani hasa. Inapita wapi? Nani aliwahi kuiona?

"Na mionzi ya madam yule, wewe unaiona?" akaniuliza.

Nikamfukuza huku nikicheka, lakini lilinichoma, kwa sababu hata wafuasi wangu sasa walikuwa wanachota mifano yao kwake.

Mimi sikuwa na kifaa. Nilikuwa na vizibo vya soda. Soda zilikuwa zimejaa mjini siku hizo, na vizibo vilikuwa vimelala kila mahali kuzunguka stendi. Niliviokota gunia zima, nikavipondaponda kwa nyundo mpaka vikawa bapa, maana kizibo kisichopondwa hupenda kulalia upande mmoja; nilijaribu. Kisha nikavipaka rangi nyekundu upande mmoja. Nilitaka kuwaonyesha kile ambacho kipima chake hakiwezi kukionyesha: kwamba hakuna ajuaye atomu gani itavunjika lini, ila kwa pamoja zinapungua nusu, halafu nusu ya nusu, kwa mwendo unaotabirika. Kila mwanafunzi angekuwa atomu. Kwake wangesikiliza, kwangu wangecheza.

Jumamosi mkuu alipuliza filimbi. Kwa muda ule wa kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena uwanjani. Karibu shule nzima ilikuwa kwangu. Kila mmoja alitaka kizibo. Wapishi walikuja na miiko yao. Upande wa pili kulikuwa na kikundi kidogo kimeinama juu ya meza, na mlio wake haukusikika kwa kelele zetu. Nilimtazama yule dada kwa mbali, nikamwona ananitazama.

"Rusheni!" nikasema. "Aliyeangukiwa na nyekundu amevunjika. Atoke kwenye mduara."

Vizibo vikaruka, vikashuka. Karibu nusu wakatoka.

Ningeweza kusema wachuchumae. Ningeweza kusema wanyooshe mikono. Lakini nilitaka mkuu aone kwa macho jinsi mduara unavyokonda. Na mimi, mtoto wa Nkololo, niliyekanyagwa miguu kwenye viwanja vya ngoma tangu utotoni, nilisahau jambo ambalo kila mtoto pale alilijua: kwenye ngoma hakuna kusimama katikati. Anayetoka kwenye mduara mmoja akabaki kuzubaa kati ya miwili, hudhaniwa ametumwa kuharibu dawa za watu. Ukitoka, unavuka.

Wakavuka, mbio, wanacheka, vizibo mkononi.

Nikapiga kelele warudi. Waliobaki wakadhani nimewaambia warushe tena. Wakarusha. Nusu nyingine ikaondoka. Kijana mmoja wa kidato cha nne akaanzisha wimbo wa kejeli, ule wa kuimbia ngoma iliyoshindwa, akautia maneno yake: madam anafukuza watu wake, madam amechoka kulisha. Wapishi waliuitikia kwa Kisukuma. Mkuu wa shule alikuwa amekunja uso asicheke.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba jaribio lilikuwa linakwenda sawasawa. Kila mrusho, nusu. Chuoni hatukuwahi kupata matokeo safi namna ile.

Mwishowe alibaki msichana mmoja wa kidato cha pili, mdogo, hana hata sweta la shule. Alirusha, nyekundu haikutokea. Akarusha tena, haikutokea. Upande wa pili walishaanza kushangilia ta-ta-ta ya karabai.

"Madam," aliniuliza taratibu, "na mimi naruhusiwa kwenda?"

"Rusha kwanza."

Akarusha. Si nyekundu. Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuiomba. Filimbi ya pili ikapulizwa tukiwa wawili, yeye na mimi.

Kidato cha tano alipewa yule dada. Mkuu alitangaza palepale, watu wakapiga makofi, na yeye akaniita mbele ya wote. Nilidhani atanipa mkono tu.

"Mimi leo nimewapa sauti," aliwaambia. "Somo amewapa huyu mdogo wangu." Kisha akanigeukia. "Utaniazima vile vizibo?"

Angenidharau ningejua pa kuweka hasira yangu. Nikamwambia achukue, gunia lile pale.

Jumatatu nilipita nje ya kidato cha tano nikielekea kwa watoto wangu wa kupima meza. Alikuwa amechora ubaoni grafu ya mduara wangu ukipungua, mrusho kwa mrusho, na kumbe wakati mimi napiga kelele uwanjani yeye alikuwa anahesabu watu waliobaki kwangu. Wanafunzi walikuwa wanabishana, wawili wamesimama, mmoja anasema haiwezekani kitu kipungue daima na kisiishe. Ulikuwa ni ubishi ambao ningekaa nao mpaka jioni.

Nilisimama dirishani nikautazama ule mchoro nukta moja moja, nikitafuta alipokosea. Hakuwa amekosea. Kengele ikalia, na watoto wa kidato cha kwanza wakaja kuniita.