Shahada Niliyoweka Rehani kwa Mgono

Shughuli nzima imenigharimu shahada moja. Nimepiga hesabu mara mbili na jibu ni lile lile: shahada moja ya sanaa, daraja la pili la juu, imepigwa nailoni kwenye duka la kutoa kopi, haina kona iliyokunjika. Elimu yenyewe ninayo bado, hiyo hakuna aliyeitaka. Iliyokwenda ni karatasi. Na kwa mtu anayefundisha chuoni kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, karatasi ndiyo mtu. Mimi ni wa kuisindikiza tu.

Nafundisha masuala mtambuka. Kama hujui masuala mtambuka ni nini usijione mjinga, hata ratiba ya chuo chetu hapa Mwanza haijui, ndiyo maana imeyaweka Ijumaa mchana baada ya chakula. Ni somo linalobeba kila kitu kilichokosa mwenyewe: mazingira, jinsia, rushwa, ajira kwa vijana, uvuvi haramu. Nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa mgeni, na kwa sababu kabla ya ualimu niliuza mitumba soko la Mlango Mmoja. Mkuu wa chuo alisema mtu aliyeuza makoti ya baridi kwenye jua la Mwanza anaweza kuuza chochote.

Basi mkuu huyo akaenda semina Arusha, akarudi na begi la turubai na wazo. Wazo lilikuwa kwamba vitu vya makumbusho viingie darasani vifundishe mambo ya leo. Sitaki kumwonea, wazo lenyewe si baya. Nimeshaona darasa zima likisinzia mbele ya slaidi zangu, lakini ukiweka mezani kitu kilichoshikwa na mikono ya watu, hata wa nyuma wanasimama waone. Tatizo lilianza pale mmoja wetu alipouliza bajeti.

“Bajeti ni ubunifu,” mkuu alisema.

Chuoni kwetu ubunifu ni jina la heshima la mfuko wa mwalimu.

Mwalimu wa jinsia alianza. Alileta jiwe la kusagia la bibi yake kutoka Magu, akawapigisha magoti wavulana wasage mtama mpaka wapate uelewa. Walipata malengelenge. Mkuu alipiga picha za malengelenge akaziweka kwenye ripoti, chini yake akaandika mabadiliko ya fikra. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yangu, na mada yangu ilikuwa uvuvi haramu.

Mbele kidogo ya Kisesa kuna mama mmoja wa Kihaya, mjane. Marehemu mumewe alikuwa Msukuma aliyekusanya vitu vya kale maisha yake yote: ngoma, vigoda, majembe, vibuyu vya dawa. Alipofariki, ndugu walikuja wakachukua ng'ombe, vyombo vikaachwa kwa mjane kama takataka. Yeye akapaka chokaa nyumba ya uani, akaandika vibao, akaanza kutoza kiingilio. Wageni wa nje wana bei yao na wenyeji bei yao. Walimu wana bei ya tatu, kubwa kuliko ya wenyeji, kwa sababu, anasema, walimu wanauliza maswali mengi na hawanunui soda.

Nilinunua soda.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwalimu wewe?”

“Umejuaje?”

“Umesoma kibao cha bei mara mbili.”

Nilichokitaka kilikuwa kwenye pembe ya chumba: mgono, ule mtego wa samaki unaosukwa kwa fito mfano wa chupa kubwa, samaki anaingia vizuri na kutoka hajui. Kibao chake kiliandikwa: Mgono, enzi za mababu. Nikampa mama barua ya chuo ya kuomba kuazima. Aliutazama muhuri, hakusoma mengine.

“Ngoma yangu moja ilitoka hapa kwa barua kama hii. Sasa hivi inapigwa kwenye harusi huko Misungwi. Weka rehani.”

Nikatoa simu. Akaigeuza, akaona ufa wa kioo, akanirudishia kwa vidole viwili. Nikatoa kitambulisho.

“Hicho ukikipoteza serikali inakupa kingine. Mimi nataka kitu ambacho kisipokuwepo hulali.”

Hapa ndipo ninapojilaumu kama mfanyabiashara. Siku hiyo nilikuwa nimetoka mjini kugongesha mihuri nakala za vyeti, na bahasha ilikuwa kwapani. Mama aliiangalia bahasha kama mteja anayejifanya hataki shati.

“Hiyo ni nini?”

“Shahada yangu.”

“Ya kweli?”

“Ya kweli, mama.”

“Basi hiyo. Mgono ukirudi, nayo inarudi.”

Nilifikiri haraka. Ada ya kuazima hakutaja. Hakunidai senti, na karatasi ningeichukua baada ya wiki. Nilimkabidhi, nikaondoka na mgono begani, nikijipongeza njia nzima hadi mjini kwamba nimemshinda bei mama wa Kihaya nyumbani kwake.

Ijumaa mkuu mwenyewe alikuja kukaa nyuma ya darasa na begi lake la turubai. Nikauweka mgono mezani, nikauliza unatufundisha nini kuhusu uvuvi wa leo. Wanafunzi wetu wanajua maneno yanayolipa. Wa kwanza alisema uvuvi endelevu. Wa pili alisema ushirikishwaji wa jamii. Wa tatu, ambaye nadhani alikuwa ameamka wakati huo huo, alisema utawala bora, na mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akasimama binti mmoja wa Ukerewe.

“Mwalimu, tunausifia tu. Tunajua kama unavua?”

“Umesukwa na wazee,” kijana wa Magu alimjibu. “Utaachaje kuvua?”

“Wewe nyamaza. Nyie samaki mnamjua akishakaangwa.”

“Na nyie maziwa mnayajua yakiwa kwenye pakiti.”

Darasa likachangamka kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha. Wa visiwani wakakaa upande mmoja, wa ng'ombe upande mwingine, wa Bukoba katikati wakiwasahihisha wote. Mimi nilikuwa nimeshashika chaki niandike neno historia ubaoni, ndipo mkuu akanyanyuka.

“Vitendo,” alisema. “Huko Arusha walisisitiza vitendo. Kesho mkautege.”

Nilimweleza kwamba kitu ni cha kuazima. Akasema ndiyo maana kitumike, cha kuazima kikikaa bure ni hasara. Kwa upande wa hesabu alikuwa sahihi.

Jumamosi tulikwenda ufukweni, nje ya mji, mahali penye matete, maji ya kiunoni. Binti wa Ukerewe akautega mgono kwa ustadi, akauziba pembeni kwa majani. Jumapili asubuhi tulipouinua ulikuwa na kambare mmoja na sato wadogo, wadogo sana, wanatosha kwenye kiganja. Vijana wa visiwani waliimba. Picha ziliruka kwenye kundi la chuo la WhatsApp. Mkuu akajibu kwa vidole gumba vitatu na agizo la kuutega tena, safari hii aje mpiga picha mwenye kamera nzuri.

Tukautega tena. Mpiga picha alichelewa. Aliyewahi alikuwa ofisa wa doria ya uvuvi na wenzake wawili.

Pale kwenye matete, kumbe, ndipo samaki wanapozaliana. Na mgono kutegwa pale hairuhusiwi, na sato wa kiganja hawaruhusiwi, na mwalimu wa uvuvi haramu pamoja na wanafunzi wake walikuwa ndani ya maji wakivua kwa haramu, na ushahidi wakiwa wameshausambaza wenyewe.

“Afande, hili ni somo,” nilimwambia. “Tunafundisha madhara ya uvuvi haramu.”

Alitazama ndoo yetu.

“Mmefundisha vizuri. Hata mimi nimeelewa.”

Alituachia sisi kwa onyo. Mgono aliuchukua. Nilimweleza ni wa makumbusho, akaniuliza barua iko wapi. Barua ilikuwa Kisesa. Nikamwambia nimeacha shahada yangu rehani kwa ajili ya mtego huo. Akaniangalia kwa huruma, nadhani aliona nimepigwa na jua.

Nilikwenda kwa mkuu tukaukomboe. Aliniahidi atalishughulikia kwa ngazi za juu. Baada ya siku chache tukaitwa chuo kizima kushuhudia uteketezaji wa zana haramu, kwa mwaliko ambao mkuu alikuwa ameuomba yeye. Lundo la nyavu lilikuwa refu kama kichuguu, na juu kabisa, pazuri kwa kupigwa picha, ulikaa mgono wa mama wa Kisesa. Mkuu alitoa hotuba kuhusu kizazi kijacho. Nilimnong'oneza kwamba ule pale juu ni wetu. Aliendelea kuhutubia. Fito zile zilikuwa kavu, zilishika moto kabla ya nyavu. Kwenye ripoti tukio limeandikwa ushirikiano na wadau, na nimetajwa kama mratibu.

Kumbuka wakati huo mkataba wangu ulikuwa unaelekea ukingoni, na ofisa utumishi alikuwa ametangaza nafasi moja ya kudumu ya masuala mtambuka. Masharti: cheti halisi, kionekane, kishikwe. Nakala nilizogongesha mihuri zinatosha kuomba, hazitoshi kupata.

Kwa hiyo nikafanya kama mtu wa Mlango Mmoja. Nikamtafuta msukaji, nikaelekezwa kwa mzee mmoja upande wa Misungwi, akanisukia mgono mpya. Nikauning'iniza juu ya jiko la mama ntilie jirani yangu mpaka ukawa mweusi na kunuka dagaa, nikauburuta kwenye mchanga, nikavunja fito mbili. Ningekuwa mteja ningeununua. Nikaupeleka Kisesa.

Mama aliuzungusha mara moja.

“Huu amekusukia yule mzee wa Misungwi.”

“Mama, huu ni wa enzi za mababu.”

“Mwanangu, ndiye aliyenisukia na ule. Huu mkunjo wa mdomoni ni wake, kila mahali anaacha hivyo hivyo. Wa marehemu uliliwa na mchwa zamani.”

Nilikaa kwenye kigoda cha maonyesho, jambo ambalo haliruhusiwi. Nilipovuta pumzi nikaona mwanya wa biashara.

“Basi mama tumemaliza. Ule na huu imezaliwa na mtu mmoja. Nipe shahada yangu.”

“Wangu ulikuwa umetazamwa,” alisema. “Shule ngapi zimekuja hapa kuutazama. Watoto wameuchora, wazungu wameupiga picha. Kitu kikitazamwa sana kinakuwa cha kale. Wako umetazamwa na nani? Mama ntilie? Uache hapa, ukishakomaa njoo tuongee.”

Nimebishana na Wachaga, nimebishana na Waarabu wa vitenge, sijawahi kuuziwa utazamaji.

Kisha akanionyesha kabati la kioo karibu na mlango. Ndani, katikati ya kibuyu cha dawa na bangili za shaba, ilikuwa shahada yangu, imesimamishwa vizuri, taa juu yake. Kibao kimeandikwa kwa mkono wake: Cheti cha msomi. Kilitumika kutafutia kazi. Namna kilivyofanya kazi haijulikani.

Aliniambia bila aibu kwamba hakuna kitu chumbani mle kinachovuta watu kama kile. Wanafunzi wa sekondari wakifika, mwalimu wao anawauliza: hiki wazee wenu walikifuata wapi, na nyinyi mtakifuata? Wanabishana saa nzima kuhusu ajira. Wengine hukasirika. Binti mmoja alilia, akatoka nje akanunua soda. Yaani lile somo ambalo mimi nimelifundisha Ijumaa mchana bila mtu kuamka, karatasi yangu inalifundisha peke yake, imesimama, bila chaki.

Habari zimefika chuoni. Mkuu amefurahi, ameagiza darasa langu lipelekwe Kisesa kuitazama, kwa kiingilio cha wanafunzi wenyewe na cha kwangu mimi, bei ya walimu. Nilipomwomba amwandikie mama barua ya kudai cheti, alisema tusiharibu mfano bora.

Nikaenda kwa ofisa utumishi. Nikamwomba aje Kisesa akihakiki pale pale kabatini.

“Nimeandikiwa nikishike,” alisema. “Kioo si mkono.”

Mama naye si mtu mbaya, ananipa njia mbili. Ya kwanza, niache kazi ya chuo, niwe nasimama karibu na kabati siku za wageni, waone cheti na mwenyewe kwa kiingilio kimoja. Atanilipa jioni ya siku hiyo hiyo, jambo ambalo chuo hakijawahi kulifanya hata kwa bahati mbaya. Ya pili, nimletee cheti kingine kikae mahali pa changu, kikubwa kuliko changu ili wageni wasinung'unike. Amesikia mkuu wetu ana cha uzamili, kiko ofisini kwake kwenye fremu, na kwa kuwa kina fremu tayari, yeye ataokoa gharama.

Nimekwenda ofisini kwa mkuu mara mbili kukiangalia. Kimening'inia kwa msumari mmoja. Mkuu anaondoka Jumatatu kwenda semina nyingine, na ofisa utumishi anafunga nafasi Ijumaa ya wiki hiyo.

Sasa wewe unayesoma, ambaye labda umewahi kuweka kitu rehani ukakikomboa ukiwa bado na kazi yako, naomba ushauri. Nikasimame karibu na kabati, au nimwendee mkuu kabla ya Jumatatu nimwombe cheti chake na msumari wake? Na kama ni kumwomba, nianzie wapi?