Fundi Aliyepakwa Hina

Mimi kazini sipendi kuingiliwa. Ukiniita nimpambe biharusi, nipe mkeka, nipe dirisha lenye mwanga, halafu watoe nje mashangazi wote wanaojua kila kitu. Nimepaka hina mikono ya maharusi wa Ujiji miaka mingi, na kiganja nikikishika tu nakusomea mwenyewe alivyo. Yupo mvivu, yupo mwoga, yupo ambaye hajawahi kusugua sufuria na anakwenda kumpa taabu mtoto wa watu.

Kiganja cha Hidaya kilinitoa jasho. Ncha za vidole zilijaa makovu madogo ya kuungua, maana kila siku anaunganisha nyaya kwa kile chuma chake cha moto, na kucha kazikata hadi kwenye nyama. Nikamuuliza ua nitalikalisha wapi. Akacheka, akasema, "Wewe paka tu, dada Hasna. Penye kovu weka jani."

Hidaya ni fundi kompyuta, ana kibanda mtaa wa Mwanga karibu na soko. Alianza utotoni kwa kuharibu redio za baba yake, akaendelea mpaka akaanza kuzitengeneza, akaenda chuo cha ufundi, akarudi na vyeti na bisibisi. Watu humpelekea misiba ya kila aina. Mvuvi wa Kagunga alimletea simu iliyozama ziwani, kaifukia kwenye mfuko wa mchele, na mchele wenyewe ulikuwa umeanza kuota. Mashine ya mfanyabiashara wa dagaa aliikuta magamba yamejaa chini ya vitufe, akayatoa kwa kibano huku paka wa jirani amekaa mlangoni anasubiri fungu lake. Mwalimu mmoja wa Simbo aliingia na "mwakeye", salamu yake ya Kiha, na kompyuta iliyojaa sisimizi, kumbe bwana anakunywa soda juu yake kila jioni. Hidaya hamcheki mteja. Humpa pole kama aliyefiwa, kisha huanza kumwuliza maswali.

Sasa alikuwa anaolewa na Abdul, kijana mpole, na kwa Abdul sina neno. Neno lilikuwa kwa mama yake, Bi Mwanvua, mwenyekiti wa kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi. Huyo alikuwa na kompyuta anayoandikia mihtasari ya vikao, na kompyuta ilikuwa inamchezea. Mara mbili alimpa Abdul aipeleke kwa mchumba wake, mara mbili ikarudi na jibu kwamba ni nzima, na kila ilipofika nyumbani ikaanza tena vituko. Bi Mwanvua akatangaza kwamba huyo ni fundi wa jina tu. Halafu akamtuma Abdul na ujumbe: akishaolewa, afunge kile kibanda, aje Kibirizi amsaidie mama kugeuza dagaa.

Hidaya aliendelea na kazi zake. Lakini siku hiyo, nilipokuwa nampaka mkono wa kushoto, alilia. Aliniambia anampenda Abdul, na anaipenda kazi yake, na hataki kuingia katika nyumba ya watu kwa ugomvi. Nilikasirika kwa niaba yake. Ua moja likapinda, nikaligeuza jani.

Ndipo tukasikia hodi. Bi Mwanvua mwenyewe aliingia na begi la zawadi za biharusi mkono mmoja na kompyuta mkono wa pili. Nilitamani kumwambia arudi kesho, ila mama wa bwana harusi huwezi kumfukuza.

"Shikamoo, mama," Hidaya akasema, akainamisha macho.

"Marahaba, mwanangu. Naona umepambika." Akaketi mkekani, begi akaliweka pembeni, kompyuta akaifungua katikati yetu. "Leo alasiri nina kikao na kina mama. Muhtasari umo humu, na mashine hii inanikataa. Sikuja kukusumbua. Nimekuja uone kwa macho yako, usije ukasema Abdul anakusingizia."

Hidaya alinyoosha mkono kwa mazoea yake ya kazini, nikaudaka hewani. Hina mbichi ile, tangu asubuhi mgongo unaniuma kwa ajili yake. Nikamwambia akigusa chochote nitaondoka na sitarudi, na sikuwa natania.

"Basi sitagusa," akasema. "Mama, inafanyaje?"

"Inafanya wazimu. Nikipapasa hapa chini, mshale unaruka. Maandishi yanaumuka kama maandazi, neno moja linajaza kioo kizima. Nikijaribu tena yanakuwa madogo kama mayai ya chawa."

Alikuwa anazungumzia kile kibao kilicho chini ya vitufe, unachopitisha kidole juu yake ili mshale utembee. Mafundi wanakiita tachipadi. Hidaya akaanza kuuliza na kuelekeza, jambo moja baada ya jingine, kwa ile sauti yake ya pole. Mama aizime aiwashe. Ikazimwa, ikawashwa, wazimu ukabaki. Mama akifute kibao kwa upindo wa kanga, huenda kina mafuta ya mawese. Kikafutwa hadi kikang'aa, na mshale ukaruka vilevile. Mama achomoe chaja, maana zipo chaja zinazotia kiwewe. Akachomoa, ikawa kazi bure.

"Dada Hasna," Hidaya akasema, "hebu ijaribu wewe."

Sijawahi kupewa kazi ya ufundi maishani. Nilipangusa vidole, nikapapasa. Mshale ukaenda nilikotaka, ukasimama nilipotaka, maandishi yakatulia. Nikajiona msomi.

"Unaona?" Bi Mwanvua akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kuaibika. "Kwa kila mtu inatii. Abdul akiishika inatii. Kwako ilitii. Mimi tu. Kina mama wanasema mwenyekiti ameshazeeka, vitu vya kisasa avipishe vipite. Leo ningesimama mbele yao na neno moja kubwa kwenye kioo."

Nilimwonea huruma, nakiri, ingawa nilikuwa nimeazimia kumchukia mpaka harusi iishe.

"Jaribu tena, mama," Hidaya akasema taratibu. "Fanya kama unavyofanya nyumbani, usijali sisi."

Hapa lazima nieleze kwamba biharusi wetu hamkodolei macho mama mkwe. Huinama. Hidaya angekuwa kibandani angekuwa anatazama kioo, kama fundi yeyote. Lakini alikuwa mwali juu ya mkeka, macho chini, na pale chini palikuwa na kitu kimoja tu cha kutazama: mkono wa Bi Mwanvua. Aliutazama kwa muda mrefu. Kidole kikapanda, kikashuka, maandishi yakaumuka.

"Mama, hiyo bangili huwa unaivua?"

Bi Mwanvua akaufunika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. "Hii? Alinivika marehemu siku ya ndoa yetu. Tangu nimenenepa haipiti tena hapa kwenye vifundo. Hata ingepita, nisingeivua."

"Usiivue, mama. Ipandishe tu juu kidogo, ishikilie, halafu upapase."

Akaipandisha hadi ilipokwama, akaishikilia. Akapapasa. Mshale ukatembea kistaarabu kabisa. Akapapasa tena, akafungua muhtasari, akaufunga, akaufungua. Kisha, kwa kuwa si mtu wa kusadiki haraka, akaiachia bangili ishuke mahali pake, akajaribu upya. Neno "mahudhurio" likajaza kioo kizima.

"Ukipapasa, bangili inalala kwenye kibao," Hidaya akaeleza. "Mashine haijui bangili. Inaona vidole viwili, na vidole viwili kwake maana yake kuza au punguza. Haikukatai, mama. Inatii sana, ila inatii na bangili."

Nilicheka mpaka nikaiweka chini koni ya hina. Bi Mwanvua hakucheka mara moja. Alikuwa na swali, na lilikuwa swali la haki.

"Mbona kibandani kwako hukuliona hilo? Mara mbili nimeileta."

"Uliileta kwa mkono wa Abdul," Hidaya akasema. "Bangili haikuletwa."

Hapo ndipo mama akashindwa. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akajipiga paja, akasema lo, nimemsumbua mtoto wa watu. Alipotulia akaigeuzageuza ile bangili, macho yamelowa kidogo, akasema marehemu alipenda kuingilia mambo hata alipokuwa hai. Hidaya akamwambia kibandani kipo kipanya chenye waya, atampelekea. Kitakaa pembeni, na bangili itaning'inia itakavyo. Kwa kikao cha leo nikamfungia bangili juu kwa mpira wangu wa nywele.

Akaikunja kompyuta, akaipakata. Nilidhani ataaga, lakini alibaki ameketi, anapapasa kifuniko chake kama anayetafuta pa kuanzia.

"Hidaya."

"Abee, mama."

"Abdul alikuletea maneno gani kutoka kwangu?"

Hidaya akainama zaidi. "Kwamba nikishaolewa nifunge kibanda."

"Mtoto yule hasikii vizuri tangu alipougua surua." Akanitazama mimi, kana kwamba ananipa onyo. "Mimi nilisema fungate. Nilimwambia, Hidaya akishaolewa, fungate akae ndani, apumzike, tumpikie. Yeye akasikia afunge. Fungate haina uhusiano na kufunga. Ikiisha, unafungua kibanda chako, na mteja wa kwanza naja mwenyewe na mkono wangu."

Ulikuwa uongo mtupu. Mimi nilijua, Hidaya alijua, na Bi Mwanvua alijua kwamba tunajua. Kwa jinsi nilivyo, siku nyingine ningesema. Siku hiyo niliona ni uongo mzuri kuliko ukweli wote niliousikia wiki ile, nikaitikia kwamba vijana wa siku hizi ndivyo walivyo, masikio ni pambo.

Hidaya akainua uso, akamtazama mama mkwe wake machoni, jambo ambalo mwali hafanyi. Machozi yakaanza kumtoka tena, na yalikuwa yanateremka moja kwa moja kwenye kazi yangu. Kabla sijasema kitu, Bi Mwanvua alikwisha kuvuta upindo wa kanga yake, akawa anamfuta, maana hina mikononi mwa Hidaya ilikuwa bado haijakauka.