Dole Gumba la Bibi Mwajabu

Nianze na aibu yangu, mengine yatafuata. Siku ya kwanza Bibi Mwajabu alipokuja maktabani kuomba kadi, mie Gladness ndiye niliyemrudisha. Kompyuta ilikuwa imegoma tangu asubuhi, foleni ya wanafunzi wa kidato cha nne imefika mlangoni, na mie nikishachokozwa na ile kompyuta huwa simtazami mtu usoni.

Aliingia taratibu, kajitanda kanga, viatu vya plastiki mguuni. Kikapu chake alikikabidhi pale mlangoni wanapoacha mizigo, akapewa kibao chake cha namba kama kila mtu, kisha akapanga foleni. Zamu yake ilipofika nikamwamkia huku macho yangu yako kwenye kompyuta.

"Marahaba mwanangu. Nataka kadi ya kuazima vitabu."

"Ya mjukuu?"

"Yangu."

Nikampa fomu. Akavaa miwani, akaanza kuisoma pale pale kwa sauti, neno moja moja, kidole kikitembea chini ya mstari. Nyuma yake watu wakaanza kuguna. Alipofika penye jina la mdhamini akasimama.

"Hapa najiandika mie?"

"Hapana bibi, anaandikwa mtu mwingine. Mtumishi wa serikali, mwalimu, au mjumbe wa mtaani kwako."

"Mjumbe nilikuwa mie."

Wanafunzi wakacheka, na mie nikacheka nao, Mungu anisamehe. Nikamwambia akatafute mdhamini ndipo arudi. Akaikunja fomu mara nne, akaitia kifuani. Kabla hajaondoka akaniuliza kama kile kitabu cha binti na punda wake, chenye jalada la kijani, bado kipo. Nikamjibu kwamba akipata kadi tutakitafuta. Nikaita, "Anayefuata!"

Bosi wangu, Bwana Projestus, alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake. Ni Mhaya, ila kazaliwa na kukulia hapa hapa Temeke, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alimtazama yule bibi mpaka akapotelea nje, kisha akaja kuniuliza alikuwa anataka nini. Nikamwambia.

"Kitabu cha punda hakipo," akasema haraka. "Kiliondolewa. Na Gladness, kanuni ya udhamini ifuatwe. Wewe wala mie hatuwezi kumdhamini, watumishi wa maktaba haturuhusiwi."

Nilishangaa, maana sikuwa nimewaza kumdhamini.

Sasa, mwezi ule tulikuwa na kazi ya kuingiza kumbukumbu za zamani kwenye kompyuta. Maktaba yetu hii, kwa msiojua, zamani ilikuwa duka la ushirika. Rafu tunazowekea kamusi ndizo zilizokuwa zinapangwa sabuni na unga wa sembe, na ukisogeza zile za ukutani utakuta namba za bei zimeandikwa kwa chaki mpaka leo. Duka lilipokufa, jengo likapewa vitabu. Mwanzoni vilikuja kwa gari, makasha kumi na moja, na wazee wanasema siku ile watoto walijaa dirishani wakidhani imeletwa sukari. Leo wanakuja wanafunzi kujisomea mitihani, wastaafu kusoma magazeti ya bure, akina mama wanaotafuta kazi wanaandikiwa barua kwenye kompyuta, na Jumamosi watoto wadogo wanasomewa hadithi kwenye mkeka. Lakini zile kadi za wasomaji wa mwanzo zilikuwa zimelala kwenye droo za mbao huko nyuma, hazijaguswa miaka.

Nikavuta droo ya kwanza, nikaanza kuandika. Jina la mtoto, shule, mtaa, mdhamini. Mdhamini: Mwajabu Kondo, mjumbe. Chini yake hakuna sahihi, kuna dole gumba la wino wa zambarau. Kadi ya pili, Mwajabu Kondo. Ya tatu, mwalimu fulani. Ya nne, Mwajabu Kondo. Nikavuta droo nyingine, kumbe humo ndimo amejaa. Dole gumba lile lile, lenye kovu katikati, kadi baada ya kadi.

Nilizihesabu siku mbili. Watoto mia tatu na kumi na sita! Nikakaa chini sakafuni na gauni langu la kazi, nimezungukwa na zile kadi. Mtu mmoja, asiyejua kuandika hata jina lake, ndiye aliyewaingiza watoto mia tatu kwenye nyumba hii ya vitabu. Na mie nimemcheka mbele ya foleni.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kumtafuta. Haikunichukua muda, ukimtaja Bibi Mwajabu wa vitumbua kila mtu anakuonyesha. Nilimkuta barazani kwake na daftari la mistari mapajani, anaandika. Nikapiga magoti nikaomba radhi.

"Hebu inuka huko, usinichafulie sketi nzuri," akasema. "Ulikuwa na kazi nyingi. Umeshakunywa chai?"

Akanieleza. Miaka ile fomu zilipotoka, watoto wengi wa mtaani walikosa wa kuwadhamini. Baba zao walikuwa vibarua, na kanuni ilitaka mtumishi au mjumbe. Mjumbe alikuwa yeye. Darasa la ngumbaru, la watu wazima, alilikimbia ujanani, hivyo hakujua hata herufi moja, ila dole gumba alikuwa nalo.

"Lakini mie simdhamini mtu kwa kitu nisichokijua," akasema. "Nikawawekea sharti. Kabla hujarudisha kitabu, pita hapa mezani kwangu unisomee ukurasa wa mwisho. Hapo najua umekisoma, na kitabu nimekiona kwa macho yangu ni kizima. Huku nachoma vitumbua, huku nasomewa. Mwanangu, mie ninajua miisho ya hadithi mia tatu, na mwanzo wake sijui hata mmoja!"

Akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka naye.

"Na hawakukuangusha?"

Kicheko kikaisha. "Mmoja. Alirudisha kitabu kimechanwa ukurasa wa mwisho. Kile cha punda. Nikaitwa pale kaunta, nikamsema mbele ya watu wote, na dole gumba langu nikalikata kwa kalamu. Alikuwa mtoto mzuri, sijui nini kilimpata." Akalifunga daftari. "Daktari kasema nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nimejifunza kusoma mwaka jana tu, kwa mjukuu wangu Lulu. Nataka nikione kile kitabu kabla macho hayajaniacha. Nisaidie, mwanangu."

Jumatatu nikaingia kazini kabla ya watu. Nilikuwa nimebakiza droo moja. Nikaipekua mpaka nikaipata kadi iliyokatwa mistari miwili juu ya dole gumba, na juu yake jina la mtoto: Projestus.

Basi nikaingia ofisini kwa bosi bila kubisha hodi. Nikaiweka kadi mezani kwake.

"Bosi, kitabu kiko wapi?"

Aliitazama ile kadi. Kisha akaniambia nifunge mlango, akafungua kabati lake la chuma, na kutoka chini ya mafaili akatoa kitabu chembamba cha jalada la kijani.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," akasema. "Kitabu kilikuwa kimechoka, ukurasa wa mwisho unashikiliwa na uzi mmoja. Nikampelekea Bibi nimsomee kama ilivyo desturi. Akanituma dukani nimletee sukari. Nikakiacha mezani, pembeni ya karatasi zake za kufungia vitumbua. Narudi, ukurasa haupo. Natazama barabarani, namwona mteja wake, mzee Romani, anaondoka na vitumbua vyake, na punda wangu kwenye karatasi kaloa mafuta."

Nikajikuta nimeshika mdomo. "Kumbe ni Bibi mwenyewe! Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Namjua Bibi. Angevua aproni saa ile ile aje hapa aseme kosa ni lake. Na hapa wangesema, mdhamini gani huyu, hajui kusoma, anafungia vitumbua kwa vitabu vyetu? Dole gumba lake lisingepokelewa tena. Watoto wangapi walikuwa wanaingia humu kwa dole gumba lile, Gladness? Nikasema nimechana mimi."

"Wakakufanya nini?"

"Wakanifungia mwaka mzima. Nilikuwa nasimama pale dirishani, rafiki yangu Suhaib anakaa ndani ananifungulia kurasa. Nikimaliza nagonga kioo, anafungua nyingine." Akatabasamu kidogo. "Bibi hajaniita jina langu tangu siku ile. Na akikifungua hiki, akamwona punda, atajua. Afadhali aendelee kuniona mie ndiye mwovu."

Nilimtazama huyu mtu ninayemwandalia ripoti kila mwezi, anayekula mihogo ya kukaanga saa nne, na nikaona sikuwahi kumjua hata kidogo. Mtoto wa miaka kumi na miwili alibeba hilo peke yake, na mzee wa miaka arobaini na saba alikuwa bado analo begani.

"Bosi," nikasema, "yule mama anapofuka. Ama umpe wewe, ama nampa mie."

Alhamisi Bibi Mwajabu akaja, fomu ile ile, mahali pa mdhamini bado patupu. Foleni ilikuwepo kama kawaida. Nilimwita mbele, akakataa, akasubiri zamu yake. Alipofika kaunta, Bwana Projestus akatoka ofisini na kitabu mkononi, akakiweka mbele yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akasema, bila kumtaja jina. Akavaa miwani, na badala ya kuanzia mwanzo akakipindua, akafungua mwisho.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa karatasi ya daftari, imegandishwa kwa gundi. Maneno yameandikwa kwa mwandiko wa mtoto, makubwa, yamelala upande, na pembeni kamchora punda kwa penseli. Bosi aliyaandika siku ile ile aliyoupoteza, angali anayakumbuka, wakamkatalia asiyarudishe kitabuni. Akaitunza ile karatasi mpaka alipopata kazi hapa, ndipo akaibandika.

Bibi akausoma wote, kidole kikitembea. Ilichukua muda na hakuna aliyeguna. Alipomaliza, kidole kikabaki juu ya mchoro.

"Punda alikuwa kageuza kichwa," akasema polepole. "Kwenye picha yenyewe. Kageuza kichwa anatazama nyuma."

Bosi akanyoosha mkono akifunge kitabu.

"Niliiona wakati nakunja. Nikasema, punda mzuri huyu. Vitumbua vitatu vya Romani." Kidole kikapita juu ya kichwa cha punda. "Walipokufungia nikaikumbuka ile picha. Nikajiambia hapana, lile lilikuwa gazeti. Miaka thelathini na tano najiambia gazeti. Sikujua kusoma, ningehakikisha vipi? Ningemuuliza nani? Ndiyo maana nimejifunza, uzee huu, nije nihakikishe mwenyewe."

"Kilikuwa kimechoka, Bibi. Ungeng'oka tu hata—"

"Nyamaza! Mtoto mwongo wewe." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Nimekusema mbele ya watu, na wewe umesimama unanitazama tu. Projestus. Projestus mwanangu."

Bosi akainama, akaweka paji la uso kwenye mkono wa yule mama, pale pale juu ya kaunta, mbele ya kidato cha nne chote. Hakuna aliyecheka.

"Ile kadi yake bado mnayo?" Bibi akaniuliza.

Ilikuwa mfukoni mwangu tangu nilipoichukua tena mezani kwa bosi Jumatatu. Nikaitoa. Nikamsogezea na kibati cha wino kwa mazoea, akakisukuma kando, akaomba kalamu. Akaandika pembeni ya dole gumba lililokatwa, herufi moja moja, ulimi umetokeza kidogo kwa juhudi: NAMDHAMINI. MWAJABU KONDO. Akaisoma kwa sauti, akaridhika. Kisha akatoa fomu yake, akaikunjua ile mikunjo minne na kumsogezea bosi wangu.

"Haya, na wewe nidhamini mie."

Projestus akanitazama. Kanuni anaijua, na mie naijua: mtumishi wa maktaba haruhusiwi. Akachukua kalamu mkononi mwa Bibi, ingali na joto lake, akaweka sahihi. Nami nikafungua droo, nikachukua muhuri, nikagonga.