Swichi ya Kadi ya Tano

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Kajiado, Mhandisi Mkuu hakunionyesha mashine yoyote. Alinipa kipande cha kebo, plagi mbili na chuma cha kulehemu, akaniambia niunganishe. Nilipomaliza akaikata kazi yangu, akasema nianze upya. Alikata mara sita. Nilikuwa msichana wa upande wa Machakos, nimetoka chuo na cheti kizuri, na kukaa kitako kumenishinda tangu utotoni. Alikuwa ameuona mguu wangu ukitingishika chini ya meza.

"Mwende," akasema, "mikono yako iko mbele ya macho yako. Hiyo itakusumbua."

Studio yetu ilikuwa nyumba ya mawe nyuma ya kanisa. Tulirekodi kwaya, mahubiri na nyimbo za akina mama wa Kimaasai. Mashine ilikuwa ya njia nane: tepu moja pana, sauti nane zimelala humo sambamba, ili baadaye uweze kupandisha moja na kushusha nyingine. Shida ya tepu ni mvumo. Hata ukirekodi chumba kitupu utausikia, kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili. Ukijumlisha njia nane, unajumlisha mivumo minane.

Mwaka wangu wa pili vikaletwa vipunguza mvumo: sanduku la chuma lenye kadi nane za umeme, kila njia na kadi yake. Wakati wa kurekodi, kadi huzikuza sauti ndogo kabla hazijafika kwenye tepu, ziupite mvumo. Wakati wa kusikiliza, huzishusha zirudi zilivyokuwa, na mvumo hushuka nazo. Kwa hiyo kila njia ilitaka kebo nne: kutoka meza ya kuchanganyia sauti hadi kwenye kadi, kadi hadi mashine, mashine kurudi kwenye kadi, kadi kurudi mezani. Kebo thelathini na mbili, na nilizilehemu zote mimi. Kisha tulipitisha mlio mmoja usiobadilika tukalinganisha mita, sindano kwa sindano. Kila kadi pia ilikuwa na swichi ya kuiruka. Ukiibonyeza, taa ndogo ya kadi huwaka na sauti inapita bila kuguswa.

Asubuhi moja kadi ya tano ilianza kukwaruza. Nikaitoa, nikalehemu upya waya mmoja uliolegea, nikairudisha na kubonyeza swichi ya kuiruka ili nijaribu njia yenyewe. Njia ilikuwa safi. Mlangoni gari lilikuwa limefika. Nikatia sahihi fomu ya ukaguzi kwamba kadi zote zinafanya kazi, nikatoka mbio kupokea wageni. Swichi niliiacha pale pale.

Aliyeletwa alikuwa bibi mmoja aliyejulikana kwa kuimba Kajiado nzima. Sote tulimwita Kokoo, yaani nyanya. Wiki iliyofuata angefanyiwa upasuaji wa koo, na daktari alikuwa amewaambia binti zake wasitegemee sauti. Hospitali ilimpa ruhusa ya nusu siku. Akanisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Nikaitika, "Iko," nikamwekea kiti. Saitoti, fundi wa mikrofoni, kijana wa rika langu, mtaratibu sana, alimpangia mikrofoni yake kwenye njia ya tano. Binti zake na wenzao, waitikiaji, wakagawana nyingine.

Aliimba nyimbo saba bila kupumzika. Mhandisi Mkuu alivua miwani akasikiliza amefumba macho. Kokoo alipokuwa anaondoka na gari, nikaiona ile swichi. Nikairudisha haraka, nikajiambia hakuna kilichoharibika.

Tulipoanza kusikiliza, wale wengine walisikika vizuri. Sauti ya Kokoo ilitoka kama imefunikwa blanketi. Miisho ya maneno ilikuwa imemezwa, pumzi hazikuwepo. Nikaelewa papo hapo: sauti haikukuzwa ilipoingia, na sasa kadi ilikuwa inaishusha bure. Dawa ilikuwa kuibonyeza swichi tena. Lakini kuibonyeza mbele ya watu kungekuwa kukiri, na sahihi yangu ilikuwa kwenye fomu.

Mhandisi Mkuu alichukua fomu, akasoma kwamba kadi zote ni nzima, akairudisha mezani. Kisha akamgeukia Saitoti na kumuuliza aliiweka wapi mikrofoni. Saitoti akaeleza. Akaulizwa tena. Aliniangalia kidogo, akaeleza vile vile. Jioni hiyo Mkurugenzi wa studio alimwambia Saitoti aende nyumbani mpaka aitwe, na tepu ikafungiwa kabatini.

Siku mbili sikuweza kukaa mahali. Nilifagia stoo, nikapanga kebo ambazo zilikuwa zimepangwa, nikaandika barua ya kuacha kazi na kuichana. Siku ya tatu niliingia kwa Mhandisi Mkuu nikasema kila kitu nikiwa nimesimama.

"Na fomu ulitia sahihi?"

"Nilitia."

Hakupandisha sauti. Alitoa tepu, akaifunga kwenye mashine, akabonyeza swichi ya kadi ya tano. Kokoo akatoka mzima, na pumzi zake, na mvumo chini yake. Tulisikiliza wimbo mmoja hadi mwisho. Kisha akaniambia mashine nisiiguse kwa miezi sita.

Baada ya upasuaji binti zake walimleta asikilize. Hakuweza kutoa hata neno. Midomo yake ilifuata kila wimbo, na hakuna aliyeuliza habari za mvumo.

Saitoti aliandikiwa barua ya kuombwa radhi. Akajibu kwamba hatarudi.

Mimi niliendelea. Nilihamishiwa studio ya Rongai chini ya Meneja wa Ufundi aliyependa kompyuta kuliko watu, nikaona mashine za tepu zikitolewa nje moja moja, nikawa Mhandisi Mkuu mwenyewe, nikastaafu. Niko na nyumba Noonkopir, mtaa wa Kitengela. Vijana wenye studio hapa Kitengela huja kuniuliza mambo, na mimi huwauliza kwanza kama wanasaini kitu kabla hawajakiangalia. Wanacheka. Mguu bado unatingishika.

Saitoti alifungua duka la kutengeneza redio papa hapa Kitengela. Miaka mingi nilipita upande wa pili wa barabara. Mwaka huu niliingia. Nywele zimemwisha, lakini mikono bado ni ile ya pole. Nikamwambia nilichokuja kusema.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Niliiona ile taa ya kadi ya tano kabla sijatoka chumba cha mashine. Nikadhani umeiacha makusudi, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa unajua hizo kadi."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

"Nilisema, Saitoti."

"Ulisema, Mwende. Nikiwa nimeshaenda."

Akanivutia kiti. Nikamshukuru, nikabaki nimesimama.